Marejeleo Yasiyokuwepo

Nilipokuwa nikiandaa pendekezo langu la utafiti kuhusu riwaya za Euphrase Kezilahabi, niliiomba programu ya akili unde initajie makala yanayolinganisha Nagona (1990) na Mzingile (1991). Haikusita. Ilinipa makala matano, kila moja likiwa na jina la mwandishi, mwaka, toleo na kurasa. Majina mawili yalikuwa ya wataalamu niliokwisha kuwasoma, na jarida lenyewe limo katika rafu za maktaba yetu. Nikayaingiza makala mawili katika sura ya kwanza. Msimamizi wangu aliuliza swali moja tu: "Umeyasoma?"

Nilishinda maktabani siku mbili. Kurasa zilizotajwa zilikuwa na uchambuzi wa fonolojia.

Sishangai sana kwamba mashine ilibuni. Programu hizi hutunga kwa kukisia neno linaloelekea kufuata jingine, na kwazo marejeleo ni umbo tu: jina, mwaka, anwani, kurasa. Zinafanana na malenga chipukizi aliyehitimu vina na mizani ilhali hana la kusema. Ninachokihofia ni mahali uwongo huo unapoangukia.

Mnamo Juni 2023 mahakama moja ya New York iliwatoza mawakili faini ya dola 5,000 kwa kuwasilisha kesi zilizobuniwa na ChatGPT katika shauri dhidi ya shirika la ndege la Avianca. Walifichuka kwa kuwa mawakili wa upande wa pili na jaji walizitafuta kesi hizo wasizione. Na katika sheria, hukumu isiyoonekana katika kumbukumbu za mahakama ni hukumu isiyokuwepo. Je, sisi? Tasnifu zetu nyingi zimelala katika maktaba za vyuo, hazimo katika intaneti. Majarida ya zamani yana matoleo yaliyopotea. Miswada ya hati za Kiarabu imetawanyika kati ya Dar es Salaam, London na masanduku ya familia za pwani. Mtu akidai kuna mswada wa Muyaka uliojadiliwa mahali fulani, nani atamkanusha? Kwetu, kutoonekana si ithibati ya kutokuwepo. Njia ya mwongo, tunayoambiwa ni fupi, katika taaluma yetu inaweza kurefuka kwa kizazi kizima, kila tasnifu ikiinukuu iliyotangulia.

Na hapa sharti tujisute. Mazoea ya kunakili marejeleo kutoka katika tasnifu ya mwenzetu bila kukiona kitabu chenyewe yalikuwepo kabla ya mashine hizi. Wanaoijua elimu ya Hadithi wanafahamu uzito wa isnadi: neno halipokelewi kabla ya kujulikana limepitia vinywa vya nani. Sisi tulikwisha kuuacha mlango wazi. Akili unde imeingia tu.

Wapo wanaopendekeza programu hizi zipigwe marufuku. Siafikiani nao, maadam marufuku isiyoweza kusimamiwa huwafunza watu kuficha. Ninapendekeza jambo dogo na la kuchosha: mwanafunzi anapotetea tasnifu yake, watahini wachague marejeleo matano na kumtaka atoe kurasa alizozinukuu. Aliyemsoma Abdulaziz kupitia kwa mtu mwingine aseme hivyo waziwazi, si aibu. Idara nazo ziziweke tasnifu zake katika hifadhi za kidijitali, ili utafutaji wetu uwe na maana. Wahadhiri watalalamika kwamba muda hautoshi, na lalamiko hilo lina haki kwa mhadhiri mwenye wanafunzi wengi wa kusimamia. Hata hivyo, swali la msimamizi wangu lilichukua nukta chache tu.

Orodha yangu imepungua kutoka marejeleo 41 hadi 26. Juma lililopita nilirudishiwa pendekezo likiwa na alama ya penseli kando ya mojawapo. Anataka kuliona.