Tusijisifu kwa Hesabu Tusizozikokotoa



Wanafunzi wapenzi, na wazazi mnaosoma pamoja nao. Kila mahafali mwanafunzi husimama akatutajia wanavyuoni wa hesabu wa zamani, nasi tukajibu takbir. Mwaka jana nilimuuliza mmoja baada ya hotuba yake: huyo Thabit bin Qurra aligundua nini? Akanyamaza. Sikumlaumu. Mimi mwenyewe niliikariri orodha hiyohiyo chuoni, nikafaulu mtihani bila kukokotoa hesabu yao hata moja.

Basi leo tukokotoe. Vigawo vya 220, ukiiacha yenyewe, ni 1, 2, 4, 5, 10, 11, 20, 22, 44, 55 na 110. Vijumlishe, utapata 284. Vigawo vya 284 ni 1, 2, 4, 71 na 142. Jumla yake ni 220. Hizi huitwa namba zinazopendana. Thabit, aliyefariki Baghdad mwaka 901, aliweka kanuni ya kutafuta nyingine na akaithibitisha. (Na tuseme kweli: hakuwa Mwislamu, alikuwa Msabii wa Harran. Hilo hotuba zetu hulisahau.)

Katika karne ya 17, Muhammad Baqir Yazdi wa Iran alifikia 9,363,584 na 9,437,056. Descartes wa Ufaransa naye alizipata, mwaka 1638. Hawakuwa na kikokotoo. Siri ni kuivunja namba. Ya kwanza ni 128 × 191 × 383, ya pili ni 128 × 73,727. Ukiiondoa 128, zilizobaki zote ni namba tasa. Vigawo vya 128 jumla yake ni 255. Namba tasa ina vigawo viwili tu, 1 na yenyewe, kwa hiyo 191 inatoa 192, 383 inatoa 384, na 73,727 inatoa 73,728. Sasa zidisha: 255 × 192 × 384 ni 18,800,640. Na 255 × 73,728 ni 18,800,640 vilevile! Toa namba ya kwanza katika jumla hiyo, inabaki ya pili; toa ya pili, inabaki ya kwanza.

Wapo watakaosema hesabu ni kazi ya shule, madrasa ni Qur'ani na fiqhi. Na mirathi je? Marehemu ameacha mke, mama na watoto: mke 1/8, mama 1/6. Asiyejua kwamba KDS ya 8 na 6 ni 24 atawagawiaje mayatima haki yao? Mimi naona bora tupunguze hotuba moja, tuongeze kipindi kimoja cha ubao na chaki.

Ipo jozi nyingine, 17,296 na 18,416. Ya kwanza ni 16 × 23 × 47, ya pili ni 16 × 1,151. Atakayeniletea daftari lenye hesabu kamili, bila kikokotoo, ndiye atakayesimama mahafali yajayo.

Wabillahi tawfiq.