Munzenze: nani alilala wapi, na ufunguo ulikuwa na nani

Wengi wetu tumehubiri Matendo 16, ule usiku wa Paulo na Sila huko Filipi: nchi inatetemeka, na milango yote ya gereza inafunguka. Tangu Jumatatu tarehe 27 Januari 2025 ni vigumu kulisoma fungu hilo hapa Goma bila kusimama katikati. Siku ile, M23 wakiingia mjini, wafungwa zaidi ya 4,000 walitoka Munzenze. Upande wa wanawake ulichomwa moto. Ofisi ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa ilisema mwezi wa Februari kwamba wanawake wasiopungua 165 walibakwa na wafungwa wanaume waliokuwa wakitoroka, na kwamba wengi wao walikufa katika moto huo.

Tunasikia watu wakisema, "Ilikuwa vita." Ndiyo, ilikuwa vita. Lakini tukitazama namna watu wanavyoishi buloko, upande kwa upande, tunaona kwamba mengi yalikuwa tayari kabla ya risasi ya kwanza.

Munzenze ilijengwa kwa watu wapata 350. Mahali pakijaa mara kumi na zaidi, nafasi ya kulala inageuka mali. Katika magereza mengi ya nchi yetu walinzi wanakaa mlangoni, na ndani anatawala kapita, yaani mfungwa aliyewekwa juu ya wenzake, pamoja na wasaidizi wake. Yeye ndiye anayemwonyesha mgeni mahali pa kulala, na mgeni anatoa kitu. Mwenye jamaa wa kumletea franka anapata godoro, pengine chumba cha watu wachache. Asiye na kitu analala karibu na choo, ubavu kwa ubavu, au anakaa macho akingojea mwenzake aamke ampishe. Chakula cha gereza, siku kinapokuja, ni vungure: mahindi na maharagi yaliyochemshwa pamoja. Anayekula vizuri anakula sahani iliyotoka nyumbani. Sasa mtu aliyekimbia Masisi au Rutshuru, ambaye watu wake wametawanyika, ni nani atakayesimama mlangoni na sahani yake?

Nchi nzima iliyaona mambo haya Julai 2024. Mwandishi wa habari Stanis Bujakera, aliyefungwa Makala kule Kinshasa tangu Septemba 2023 hadi Machi 2024, alionyesha video za watu waliolala chini wakibanana kama samaki katika sanduku. Makala ilijengwa mwaka 1957 kwa watu 1,500. Usiku wa kuamkia tarehe 2 Septemba 2024 wafungwa walijaribu kutoka kwa nguvu. Serikali ilihesabu maiti 129. Wachache walipigwa risasi, wengi walikufa kwa kukanyagana na kukosa hewa. Na kule pia wanawake walibakwa.

Upande wa wanawake maisha ni mengine. Wao ni wachache. Wanapika, wanafua, wanalea watoto wachanga, maana sheria inaruhusu mtoto anayenyonya kukaa na mama yake. Vikundi vya kanisa vinapenda kwenda kule, kwa kuwa kuna mahali pa kukaa na kuimba. Tuseme ukweli: mara nyingi tumetoka kule tukifikiri kwamba hapo afadhali. Tulitazama sabuni na uji tuliopeleka, hatukutazama ukuta.

Ordonansi ya 1965 juu ya magereza inataka wanawake watengwe na wanaume. Lakini upande wao umo ndani ya ua uleule, na ndani ya ua huo mwenye nguvu ni kapita. Septemba 2020 katika gereza la Kasapa, Lubumbashi, fujo ilipoanza, wafungwa wanaume waliwaingilia wanawake na kuwabaka kwa muda wa siku kadhaa. Kasapa, Makala, Munzenze: mara tatu katika miaka mitano. Baada ya Kasapa hakuna aliyeweza kusema kwamba hajui.

Kuna pia jambo la parke. Wengi wa waliojaza magereza yetu hawajahukumiwa. Jaji anaweza kumweka mshitakiwa ndani siku 15, kisha muda unaongezwa mwezi kwa mwezi, na faili inalala. Mwanamke aliyeshitakiwa kwa deni, kwa ugomvi na mke mwenza, kwa kuku wa jirani, anaweza kungoja hivyo. Hatujui ni wangapi kati ya wale wa Munzenze walikuwa wanangoja tu. Katika nchi yetu wanaongoja ni wengi kuliko waliohukumiwa, na hilo linatosha kutunyima usingizi.

Tangu hapo kufungwa kumebadilika sura Goma. Mei 2025 Amnesty International ilitoa ripoti juu ya mahali ambapo M23 walifungia watu Goma na Bukavu, na waliotoka humo walieleza mateso, msongamano na kukosa chakula. Jamaa wengi waliwatafuta watu wao bila kujua wako wapi. Munzenze, pamoja na ubaya wake wote, ilikuwa na mlango ambapo mama aliweza kusimama na sahani na kutaja jina.

Parokia nyingi zina wamama wanaotembelea magereza, Butembo, Beni, Bunia, Uvira. Waendelee kupeleka maharagi na sabuni. Lakini wakifika upande wa wanawake waulize pia, kwa heshima, mbele ya mkubwa wa gereza: mlango huu unafungwa saa ngapi? Kuna njia nyingine ya kutokea moto ukiwaka? Na usiku, ufunguo unalala na nani?