Anayeanza kinanda cha mdomo Rusinga aanze na nyimbo za kwao

Kijana wa kisiwa cha Rusinga anayetaka kujifunza bluzi kwa kinanda cha mdomo siku hizi huanzia kwenye simu. Hutafuta video ya mwalimu wa Marekani au Uingereza, huambiwa anunue kinanda cha matundu kumi cha ufunguo wa C, kisha hupewa kipande cha wimbo wa Chicago akikariri. Kuhusu kinanda, ushauri ni sahihi. Kasoro iko kwenye wimbo. Ninavyoona mimi, wimbo wa kwanza kumtoka mdomoni uwe ule aliolelewa nao, wa matanga, wa wavuvi au wa kumbembeleza mtoto. Mabingwa wa Marekani kama Little Walter na Sonny Terry watamsubiri. Sisemi haya kwa sababu ya uzalendo peke yake. Historia ya chombo chenyewe ndiyo inayonipeleka huko.

Vinanda hivi vilisambazwa duniani na viwanda vya Ujerumani. Matthias Hohner alianza kuvitengeneza mjini Trossingen mwaka 1857. Vilipangwa kwa ajili ya nyimbo za Ulaya. Ukipuliza tundu lolote la kinanda cha C, utapata C, E au G, sauti tatu zinazopatana bila ugomvi. Wamarekani weusi wa kusini walikipata chombo hicho kwa bei nafuu, lakini hawakukubali kubaki pale kilipowaweka. Waliegemea pumzi ya kuvuta badala ya ile ya kupuliza. Vuta tundu la kwanza hadi la nne: D, G, B, D. Tayari kinanda cha C kimekuwa cha G. Vuta la tano upate F, ile sauti ya uchungu ambayo bluzi haikamiliki bila yake. Kisha vuta la tatu huku ulimi ukirudi nyuma kinywani, na B itashuka polepole mpaka ilie. Hakuna kiwanda kilichokusudia hilo. Lilitoka kwa watu waliokuwa na nyimbo zao tayari, za kazi mashambani na za kanisani, wakakilazimisha chombo cha wageni kiziimbe.

Nyanza nako mambo yalikwenda hivyohivyo. Akodioni, ambayo Wajaluo huiita onanda na ambayo hutoa sauti kwa ndimi za chuma zinazotikiswa na hewa kama kinanda cha mdomo, iliingia ikapigishwa ngoma za hapa. Gitaa lilipofika, wapigaji wa benga, akiwamo D.O. Misiani wa Shirati, ng'ambo tu ya mpaka wa Migori, waliliimbisha kwa namna ya nyatiti, kinubi cha Wajaluo. Hata nje ya Ujaluoni, mwaka 1950 mtafiti wa muziki Hugh Tracey aliwarekodi Wakipsigis wakimwimba Chemirocha, yaani Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani aliyekufa mwaka 1933 na ambaye santuri zake zilikuwa zimewafikia. Walimwimba kwa kinubi chao na kwa sauti zao. Kila mahali ambapo chombo cha kigeni kimezaa muziki wa kudumu, aliyekishika alikuwa na wimbo kabla ya kukipata.

Walimu watasema kwamba mwanafunzi ajifunze msingi kwanza, mengine yafuate. Msingi siupingi. Ni lazima abane midomo kama anayepiga mluzi ili tundu moja tu lisikike, na ni lazima pumzi itoke tumboni, isiishie mashavuni. Lakini mazoezi hayo hayahitaji wimbo wa Chicago. Wimbo anaoujua tangu utotoni una faida ambayo ule wa kwenye simu hauna: sikio linajua unakokwenda, kwa hiyo kosa linajitangaza lenyewe. Zaidi ya hayo, kwenye kinanda cha C sauti mbili za chini, F na A, hazimo kabisa. Wimbo wa nyumbani ukizidai, mwanafunzi hana budi kuzitafuta kwa kupinda sauti ya tundu la pili na la tatu, na kazi hiyo ndiyo hasa walimu wa bluzi hupata tabu kuifundisha. Akijaribu kufuata orutu, fidla ya Wajaluo ambayo uzi wake mmoja huteleza kutoka sauti hadi sauti bila kukatika, ataufikia upindaji huo kwa kuuhitaji.

Pingamizi zito zaidi linatoka kwa wazee: kwa nini kinanda cha Wajerumani, na nyatiti ipo? Hoja yao ina uzito, nami ningefurahi kila shule ya kisiwa hiki iwe na nyatiti. Lakini nyatiti inataka fundi wa kuiwamba ngozi na mwalimu wa kukaa naye kwa muda mrefu. Kinanda cha mdomo kinaingia mfukoni, hata mtumbwini. Kijana akishakitumia kutafuta nyimbo za kwao, atalazimika kuwaendea wazee haohao, kwa sababu hazipo kwenye simu. Kwa Rusinga jambo hili ni la dharura. Kisuba, lugha ya asili ya kisiwa hiki, kimemezwa na Dholuo kwa vizazi kadhaa, na ingawa redio ya jamii ya EK FM inajitahidi kukirudisha masikioni, wimbo ambao hakuna kijana anayeupiga unaondoka na mwenyewe.

Kwa hiyo nawaomba waandaaji wa tamasha la utamaduni la Rusinga, linalofanyika kila Desemba, wafungue jukwaa kwa wanaoanza, kwa sharti moja: kila atakayepanda na kinanda cha mdomo apige wimbo wa kisiwani aliofundishwa na mzee, na mzee huyo aitwe jukwaani pamoja naye.