Dur-Dur Hawakuwahi Kupotea

Kila nikisoma habari za Dur-Dur Band, bendi ya disko ya Mogadishu, nakutana na neno lile lile: "waligunduliwa". Eti mwaka 2013, lebo ya Marekani ilipotoa upya Volume 5. Waligunduliwa na nani, jamani? Albamu hiyo ilirekodiwa Radio Mogadishu mwaka 1987, Sahra Dawo akiimba. Hapa Garissa, habaryar wangu bado anazo kanda zao. Yeye hakuwahi kuwapoteza.

Lakini siwalaumu Wazungu peke yao. Wao angalau walisikiliza. Sisi je? Wenye redio Nairobi wakisema "muziki wa Kenya", ramani yao inaishia Mwingi. Gargar, akina mama wa hapa hapa kwetu, walirekodi Garissa Express. Mara ya mwisho uliisikia redioni lini?

Kanda zinakufa. Joto linazimaliza, vumbi linazimaliza, na sisi tunangoja tu. Wikendi hii muulize mama yako anazo zipi na ni nani anaimba, kisha zirekodi hata kwa simu. Ukikaa, mgeni atakuja kukuuzia wimbo wa nyanya yako, na wewe utamwambia asante.