Kiti Nacho Kina Nasaba

Mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii twaijua sana sisi watu wa pwani. Leo naipeleka bara, hadi Kisumu, kwenye kiti cha mzee wa Kijaluo.

Kiti hicho, wenyewe hukiita kom, huchongwa kwa gogo moja, miguu na kikalio kitu kimoja. Ni heshima ya mwenye mji, kama kilivyo kiti cha enzi kwetu Lamu. Makumbusho ya Kisumu, yaliyofunguliwa 1980, yana mji mzima wa Kijaluo wa kuonyesha maisha hayo. Lakini je, vile vinavyouzwa kwa wapita njia, vikavuka bahari bila ya jina la mwenyewe?

Msiseme hayo ni ya Wajaluo. Mwaka 1985 mtafiti wa Kimarekani alimpiga picha mzee wa Kimijikenda kando ya vigango viwili, nguzo za ukumbusho wa nduguze. Punde vikaibiwa. Vilipoonekana katika makumbusho mawili ya Marekani, ile picha ndiyo iliyokuwa shahidi, na mwaka 2007 vikarejeshwa. Bila picha, nani angeamini?

Tuliosoma chuoni twajua hadithi haipokewi bila ya isnadi: fulani kutoka kwa fulani. Basi na kiti kiwe hivyo. Kiandikwe nani alikichonga, nani alikikalia, nani alikirithi. Karatasi moja yatosha. Na sisi wenye viti vya mababu, Lamu na Mombasa, tuanze kwetu kabla ya kuwausia wa Kisumu.