Ayala Afaye Tumbo Limejaa

Katika milima ya Adirondack, jimboni New York nchini Marekani, theluji huanza kuanguka mwezi wa Novemba na huweza kukaa ardhini hata Aprili. Humo huishi ayala wa mkia mweupe, mnyama afananaye kwa umbo na kulungu wa Afrika, ila pembe za dume huanguka kila mwaka na kuota upya.

Majani mabichi yakiisha, ayala hula vitawi na vichipukizi vya miti, na apendavyo zaidi ni vya mwerezi. Chakula hicho hakimtoshi, hata akila mchana kutwa. Huishi kwa mafuta aliyojiwekea mwilini kabla ya baridi, naye hupunguza mwendo ili yasiishe upesi. Ayala mzima huweza kupoteza robo ya uzito wake na bado akaiona miti ikichipua.

Yote hutegemea theluji. Ikipita kina cha sentimita 40 hivi, miguu yake myembamba huzama, na kila hatua humla mafuta. Ndipo makundi hukusanyika chini ya misonobari minene, ambayo matawi yake huizuia theluji, wakapita katika njia moja iliyokanyagwa, mithili ya askari wa doria. Vitawi vya karibu huliwa hadi kimo kifikiwacho na mnyama aliyesimama kwa miguu ya nyuma. Watoto, wafupi wa kimo na wenye mafuta haba, hufa kwanza.

Mwenye nyumba amwonapo ayala mbavu nje hushikwa na huruma, akammwagia mahindi. Kumbe tumbo la ayala, kama la ng'ombe, lina vijidudu viyeyushavyo chakula, na wakati huo vimezoea miti. Kuzoea chakula kingine huvichukua majuma mawili au zaidi. Mahindi mengi ya ghafla huchacha, tumbo likajaa asidi, mnyama akaharisha na kuishiwa maji. Huweza kufa kwa siku moja hadi tatu. Mfugaji ambaye ng'ombe wake aliwahi kuvunja ghala usiku anaijua habari hii. Naye mtenda wema, akiisha kwenda zake, hauoni mzoga msituni.

Sheria za New York zinakataza kuwalisha ayala. Mwenye msitu atakaye kusaidia huiacha misonobari minene isimame, na miti yake ya kuni huikata wakati wa theluji. Vilele viangukavyo huwa na vitawi vile vile ambavyo matumbo ya ayala yamevizoea.