MAGARI YA KALE YAKAGULIWE

Ndugu askari, mashindano ya magari ya kale yaliyoanzishwa mwaka 2003, kuadhimisha miaka 50 ya mashindano ya Safari ya 1953, yamewatia wengi shauku ya misafara ya mbali. Nasi twaipenda. Tangu daraja la Chembe lifunguliwe mwaka 2008, msafara wa namna hiyo waweza kutoka Mufulira, ukapita Mokambo hadi Nchelenge, wilaya yenye kisiwa cha Kilwa, pasipo kungoja pantoni. Lakini rangi ing'aayo isiwapumbaze. Breki za magari hayo zikipata moto hulegea, na mengine hayana mikanda. Nako Kashikishi wachuuzi wa samaki wamejaa barabarani. Kukagua si kumbughudhi mgeni. Asiyefaulu alale Mansa hadi fundi apatikane.